Sura ya Sita: Wanne Kati ya Elfu Hamsini

Kila Januari, wakati maziwa ya Minnesota yameganda kiasi cha kubeba gari, wenye maduka ya michezo ya shabaha wa jimbo hilo hufunga mizigo na kuruka hadi Las Vegas, katika jangwa la Nevada. Huko hufanyika SHOT Show, maonesho ya biashara ya ulengaji shabaha, uwindaji na michezo ya nje. Yanaandaliwa na National Shooting Sports Foundation, chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo kilichoanzishwa mwaka 1961. Mara ya kwanza yalifanyika St. Louis, Missouri, mwaka 1979, yakiwa na waoneshaji wapatao 290. Yakahamahama kutoka mji hadi mji, na tangu 2010 yamekita Las Vegas. Miaka ya karibuni waoneshaji wamepita 2,500, na wanaohudhuria wamepita 50,000.

Sura hii ni ya wanne kati ya hao, timu ya duka dogo.

Katika sura zilizopita tumeona jinsi duka dogo linavyoweza kuishi kando ya duka kubwa. Biashara ya bunduki za michezo inalionesha jambo hilo kwa ukali kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Duka dogo halimshindi mkubwa kwa bei, wala kwa wingi wa mzigo, wala kwa kasi ya kuuza mtandaoni. Nguvu yake ni moja: linamjua mtu aliyesimama mbele ya kaunta. Kwenye duka la viatu, usipomjua mteja unapoteza mauzo. Kwenye duka la bunduki, usipomjua mteja mtu anaweza kupoteza uhai. Kwa hiyo timu inayoingia ukumbini Las Vegas inapimwa kwa swali moja: mmekuja na wateja wenu vichwani, au mmekuja mikono mitupu, mkingoja kuoneshwa cha kutamani?

Duka lenyewe

Tuchukue mfano wa duka la aina inayopatikana katika miji midogo ya Minnesota. Lina watu wanne: mwenye duka, ambaye ndiye mwenye leseni ya serikali kuu; mkewe, anayeshika vitabu vya hesabu; fundi bunduki, mwenye karakana yake chumba cha nyuma; na kijana wa kaunta, ambaye jioni huwafundisha wanafunzi kulenga. Msimu wa kuwinda bata na kulungu hulijaza duka kuanzia Septemba. Lakini mauzo ya Machi hadi Juni, miezi ambayo zamani ilikuwa ya njaa, yanatoka kwa watoto wa shule.

Hilo lina historia yake. Mwaka 2001 Jim Sable, mwanachama wa klabu ya shabaha ya Plymouth, Minnesota, aliona kwamba wenzake karibu wote walikuwa wazee na kwamba mchezo ungezikwa pamoja nao. Akaanza kuwaita wanafunzi. Jitihada hizo zikazaa ligi ya shule ambayo leo imeenea katika majimbo mengi ya Marekani. Mashindano ya jimbo la Minnesota, yanayofanyika Alexandria kila Juni, hukusanya wanafunzi kwa maelfu.

Mchezo wao ni trapu. Mashine iliyofichwa ndani ya kibanda kifupi hurusha kisahani chenye kipenyo cha karibu sentimita 11. Kinakwenda mbali na mpigaji kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mpigaji hajui mapema kama kitaelekea kushoto, kulia au katikati. Amesimama yadi 16 nyuma ya kibanda, kiasi cha mita 15. Ana muda wa kupumua mara moja tu, kisha kisahani kimeshakwenda. Anatumia shotigani, bunduki inayotawanya marisaa badala ya kutoa risasi moja. Mzunguko mmoja ni visahani 25, vitano katika kila kituo kati ya vituo vitano.

Sasa piga hesabu. Timu ya wanafunzi 30, kila mmoja akipiga mizunguko miwili, inamaliza risasi 1,500 kwa jioni moja. Risasi hizo huuzwa kwa boksi la 25 na kwa katoni ya 250. Shule moja, jioni moja, katoni sita. Mtu akikuuliza kwa nini watu wanne wafunge duka katikati ya baridi na kulipia hoteli za Las Vegas, mwoneshe hesabu hiyo.

Orodha ya watu

Kazi ya maonesho huanza wiki kadhaa kabla ya safari, mezani, daftari likiwa wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Timu inapitia mauzo ya mwaka mzima: kipi kilitoka haraka, kipi kililala rafuni mpaka kikashushwa bei, kipi wateja walikiulizia mara kwa mara wakaambiwa hakipo.

Baada ya hapo timu nzuri hufanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Inaandika orodha ya watu. Yupo binti wa darasa la saba anayetumia bunduki ya babu yake. Kitako chake ni kirefu mno kwa mikono yake, na kila akiiinua kinanasa kwapani. Yupo mvulana anayeshika bunduki bega la kulia wakati jicho lake lenye nguvu ni la kushoto, kwa hiyo anapiga pembeni ya kila kisahani na hajui sababu. Yupo mama mwenye watoto wawili kwenye timu na uwezo wa kununua bunduki moja. Yupo mzee aliyepasuliwa bega, anayeogopa msukumo wa bunduki lakini hataki kuuacha mchezo wa maisha yake.

Kila jina hugeuzwa kuwa swali la kuulizia kwenye banda fulani. Kisha maswali yanagawanywa. Mwenye duka anachukua risasi na wauzaji wa jumla. Mkewe anachukua bei, masharti ya malipo na semina. Fundi anachukua vipuri na bunduki zenye vitako vinavyorekebishika. Kijana wa kaunta anachukua vifaa vya wanafunzi: miwani, vizuia sauti vya masikioni, fulana, mifuko ya risasi. Kila mmoja anaondoka Minnesota akijua nani anamsubiri nyumbani na jibu.

Mlangoni

Aliyezoea maonesho ya Sabasaba ya Dar es Salaam, ambako familia nzima hulipa kiingilio, hula nyama choma na kurudi na sufuria mpya, atashangaa. SHOT Show haiuzi tiketi kwa umma. Anayetaka beji lazima athibitishe kwamba anafanya kazi katika sekta hiyo. Mwenye duka huonesha leseni yake. Haruhusiwi kuingia na bunduki yake binafsi wala risasi. Bunduki zilizomo mabandani zimeondolewa pini za kufyatulia, kwa hiyo haziwezi kulipua chochote. Ndiyo maana maelfu ya watu wanaweza kuzishika kutwa nzima chini ya paa moja.

Pamoja na hayo, tazama mikono ya watu wa fani. Anayepewa bunduki huelekeza mdomo wa mtutu juu, huifungua kwanza akatazama ndani kama ni tupu, na kidole hakigusi kifyatulio. Anajua pini haipo, na bado anafanya hivyo. Kijana wa kaunta anatakiwa alitazame hilo vizuri na kulirudisha kwa wanafunzi wake, kwa sababu tabia ya usalama inajengwa pale ambapo hakuna hatari, ili iwepo siku hatari inapokuja.

Ukumbi wenyewe ni Venetian Expo, wenye orofa zaidi ya moja, na siku hizi maonesho yamefurika hadi jengo jirani la Caesars Forum. Mabanda makubwa ya watengenezaji maarufu yana ukubwa wa nyumba. Pembezoni na orofa ya chini ndiko waliko wadogo: mtu na mkewe wenye aina moja ya kamba ya bunduki, kiwanda cha familia cha vitako vya mbao, mbunifu wa kifaa kimoja cha kusafishia mtutu. Timu ndogo inayofuata umati itatumia siku nzima kwenye mabanda ambayo katalogi zake zingeletwa dukani na mawakala wa mauzo bila nauli yoyote. Faida ya safari iko zaidi pembezoni, kwa sababu aliyetengeneza bidhaa ndiye anayekujibu.

Begani

Siku moja kabla ya milango kufunguliwa, kwenye viwanja vya shabaha vya Boulder City, nje ya Las Vegas, wanunuzi na waandishi huruhusiwa kujaribu bidhaa kwa risasi halisi. Hapo ndipo sifa za kwenye karatasi zinapopimwa. Fundi anajaribu shotigani za kujipakia zinazotumia gesi ya risasi yenyewe kuzungusha mitambo, kwa sababu aina hiyo hupunguza makali ya msukumo begani. Ana mzee wa bega lililopasuliwa akilini, na anapiga nyingi mfululizo, maana bega halilalamiki kwenye risasi ya kwanza. Linalalamika kwenye ya hamsini.

Lakini kipimo muhimu kuliko vyote hakihitaji risasi, na kinafanyika ukumbini. Shotigani haina tundu la nyuma la kulengea kama raifo. Jicho la mpigaji ndilo kilengeo cha nyuma. Shavu likikaa juu mno kwenye kitako, marisaa yanapita juu ya kisahani; likikaa chini mno, jicho linaona chuma tupu. Kwa hiyo bunduki isiyomfaa mtu kimwili haiwezi kumpa shabaha hata afundishwe vipi.

Mtazame fundi kwenye banda la bunduki za trapu. Anapokea bunduki, anaifungua, anaifunga. Anatazama sehemu moja ukutani, kisha anafumba macho. Anainua bunduki hadi begani kwa mwendo wake wa kawaida, analaza shavu, na hapo ndipo anapofumbua macho. Kama shanga ya mbele imekaa katikati ya utepe wa juu wa mtutu, bunduki inamfaa. Kama imeinama upande, anajua ni kiasi gani cha kurekebisha. Kisha anachukua bisibisi aliyoazimwa na mwenye banda, anapandisha sehemu ya shavu, anaondoa vipande vya nyuma ya kitako, na anapima urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kitako cha mtu mzima ni kama sentimita 36. Binti wa darasa la saba anahitaji kama 33, na kabla hajamaliza shule atakuwa amevihitaji vipande vyote alivyoondolewa, kimoja baada ya kingine.

Hapo jibu la mama mwenye watoto wawili linapatikana pia. Bunduki moja yenye shavu linalopanda na kushuka na kitako kinachoongezwa na kupunguzwa inaweza kuwahudumia wote wawili, mradi fundi aandike vipimo vya kila mtoto na kuwaonesha jinsi ya kubadilisha. Katalogi haiwezi kulisema hilo. Linasemwa na mtu aliyewaona watoto wale wakilenga.

Jirani aliye mbali

Kiwanda cha Federal, kinachotengeneza risasi, kiko Anoka, Minnesota, tangu mwaka 1922. Mwenye duka letu anaweza kufika huko kwa gari asubuhi moja. Lakini anasafiri nusu ya nchi kwenda kuzungumza na watu wa Federal ndani ya Las Vegas, na ana sababu. Ukumbini wapo pamoja wakubwa wa mauzo, wauzaji wa jumla na washindani wao, wote kwa wiki moja. Duka dogo mara nyingi halifikishi oda ya chini inayotakiwa na kiwanda, kwa hiyo hununua kwa wauzaji wa jumla au kupitia vyama vya ununuzi ambavyo maduka mengi hujiunga navyo ili kupata bei ya pamoja. Mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo yanayomfanya muuzaji wa jumla alikumbuke jina la duka siku mzigo unapokuwa haba.

Na uhaba huja. Mwaka 2020 na 2021 Wamarekani walinunua bunduki kwa pupa, risasi zikaisha rafuni nchi nzima, na maonesho yenyewe ya 2021 yakafutwa kwa sababu ya korona. Kilichobana zaidi kilikuwa fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, kwa kuwa Marekani ina viwanda vichache sana vinavyokitengeneza. Mzigo ukagawanywa kwa mgao. Waliokuwa na uhusiano wa miaka walipata kidogo; waliokuwa wakirukaruka kutafuta bei ya chini kila mwezi walikaa wakisubiri.

Tangu hapo umiliki nao umejikusanya. Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Cheki ilinunua hisa nyingi za Fiocchi ya Italia mwaka 2022, na mwishoni mwa 2024 ikakamilisha ununuzi wa biashara ya risasi ya Federal, Remington na CCI. Majina ya maboksi rafuni ni mengi kama zamani, lakini uamuzi juu ya mengi yao unafanywa na mmiliki mmoja. Kwa duka dogo maana yake ni kwamba kuwa na chapa tatu hakutoshi kuwa kinga. Mwenye duka anatakiwa aulize kila boksi linatoka kiwanda gani na nani anakimiliki, kisha ahakikishe kwamba katoni sita za kila jioni hazitegemei mlango mmoja.

Upande wa bunduki, ushindani umekwenda kinyume. Kando ya Beretta, ukoo wa Kiitalia unaotengeneza mitutu tangu 1526, na Browning zinazoundwa na Miroku nchini Japani, yapo mabanda ya Kituruki kutoka Huğlu na miji jirani ya mkoa wa Konya, ambako kazi ya bunduki ni ya vizazi. Bei zao zimewafungulia mlango wazazi wengi. Swali la fundi kwao huwa moja: vipuri viko wapi? Bunduki ya bei nafuu inayosubiri springi kutoka ng'ambo wakati msimu wa shule unakwisha imemgharimu mzazi zaidi ya alichookoa.

Kukataa

Hatari kubwa ya ukumbi ni ukarimu wake. Kila banda lina bei ya maonesho. Chukua kumi upate ya bure. Chukua mzigo leo, lipa baada ya miezi. Mali kauli ni msaada kwa anayejua mzigo utatoka, na ni kitanzi kwa anayebahatisha. Duka dogo likijaza rafu kwa vitu vilivyong'aa ukumbini, ankara zitafika masika, wakati uleule ambao wazazi wanataka risasi na fedha ya kuzinunulia imelala ndani ya maboksi yasiyoulizwa.

Ndiyo maana kwenye timu hii mke mwenye daftari ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kila jioni wanne wanakaa pamoja na kusoma oda walizoahidi. Kila oda inaulizwa: hii ni ya nani? Kama hakuna jina la mtu, au aina ya mtu wanaomjua kweli, inafutwa. Ni kazi inayouma, kwa sababu kila aliyeitaka anaweza kuitetea. Lakini maduka madogo hayafi kwa kukosa bidhaa. Yanakufa kwa bidhaa zisizo na mwenyewe.

Chumba cha semina

Mbali na mabanda kuna vyumba vya mafunzo kwa wenye maduka: kujaza fomu za serikali bila makosa, kuzuia wizi, kumtambua mtu anayemnunulia mwingine asiyeruhusiwa kisheria. Hivi havina taa za kuvutia wala umati. Kwa maoni yangu ndivyo vyumba muhimu kuliko vyote.

Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya muda usiofika wiki, na kila mmoja akajiua muda mfupi baadaye. Sheria ilikuwa imefuatwa yote. Tangu Novemba 1998 kila muuzaji mwenye leseni lazima aulize mfumo wa serikali kama mnunuzi anaruhusiwa, na mfumo haukuwa na la kusema. Kilichofuata kinastahili heshima. Wenye maduka, watu wa afya ya umma na watetezi wa haki ya kumiliki bunduki katika jimbo hilo walikaa meza moja, wakatayarisha miongozo na mabango ya maduka: namna ya kumwona mteja aliye katika dhiki, na namna ya kumkatalia. Mwaka 2016 National Shooting Sports Foundation nayo ikaanza kushirikiana na American Foundation for Suicide Prevention kupeleka elimu hiyo nchi nzima. Zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, kwa hiyo hili ni jambo la kila kaunta.

Sheria haimlazimishi muuzaji kuuza. Mtu anayetaka bunduki yoyote ile, asiyejali itatumika kwa mchezo gani, asiyeuliza namna ya kuitunza, anayekwepa macho, anaweza kuambiwa: leo hatukuuzii, kaa kidogo tuzungumze. Anayeweza kuliona hilo ni muuzaji aliyezoea kumtazama mteja kabla ya kuitazama pochi yake. Ujuzi uleule uliogundua kwamba jicho la mvulana ni la kushoto ndio utakaogundua kwamba huyu mtu hayuko sawa. Siamini kwamba duka linaweza kuwa na mmoja likakosa mwingine.

Baada ya safari

Timu inaporudi Minnesota, kazi ya kwanza ni simu. Mzee wa bega anaambiwa kuna bunduki ya gesi itakayofika na risasi nyepesi zenye marisaa ya gramu 28 badala ya 32, aje aijaribu kabla ya kulipa. Mama anaitwa na watoto wake wapimwe. Mwalimu wa timu anapewa bei ya katoni na tarehe ya mzigo, ili shule ipange bajeti kabla theluji haijayeyuka. Bango la New Hampshire, au la aina yake, linabandikwa mahali ambapo mteja na muuzaji wote wanaliona.

Msomaji wangu huenda anauza saruji Mwanza au vitenge Mombasa, na hatashika shotigani maishani mwake. Utaratibu wa wanne hawa unamfaa vilevile siku anayokwenda kwa wauzaji wa jumla au kwenye maonesho yoyote. Aandike watu kabla ya bidhaa. Awagawie wenzake maswali. Amtafute mtengenezaji mdogo pembezoni, aulize vipuri na asili ya mzigo, na ampe mwenye daftari uwezo wa kufuta oda. Mwenye duka kubwa anaweza kununua kila kitu kilichomo ukumbini, lakini hawezi kununua miaka ambayo duka dogo limewatazama watu wake wakikua. Mwenye duka dogo anayo miaka hiyo tayari, na anaitupa bure kila anaponunua kama mtu asiyemjua yeyote.